iDRAC9: seva iko Chake Chake, mimi niko Unguja

Nahudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo. Wateja wangu karibu wote wako mjini Unguja, isipokuwa mmoja aliyeko Chake Chake, na huyo ndiye aliyenifundisha thamani ya iDRAC, kifaa cha Dell cha kuisimamia seva ukiwa mbali. Fundi wa Dar seva ikimsumbua hupanda bodaboda. Mimi kati yangu na seva ile pana bahari, na kusi likishika, boti ikipita Nungwi abiria huanza kuombana mifuko.

Seva yenyewe ni Dell PowerEdge T440, ile ya kusimama sakafuni. Ndani yake mna kompyuta nyingine ndogo yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na tundu lake la waya wa mtandao, na hukaa macho hata seva ikizimwa, maadamu waya wa umeme umechomekwa. Hiyo ndiyo iDRAC9. Kwa kivinjari tu naona joto, feni, diski na pawasaplai, nawasha na kuzima, na nasasisha programu dhibiti (firmware, ile inayokaa ndani ya kifaa chenyewe) za BIOS (inayoiamsha seva kabla ya Windows au Linux), kadi ya diski, kadi ya mtandao na iDRAC yenyewe. Haijali kama seva inaendesha Windows au Linux, wala kama mfumo umegoma kuwaka.

Kabla yake dawa ilikuwa kumpigia simu mlinzi. "Shikamoo Ami. Hebu nitazamie, ile taa ya mbele ni ya buluu au ya njano?" "Marahaba mwanangu. Inawaka tu." Basi, ushajibiwa.

Jambo la kwanza la kulijua kabla hujatoa pesa ni leseni. iDRAC zote si sawa. Kuna ngazi ya Basic, Express, Enterprise na Datacenter. Kupakia faili la programu dhibiti kwa kivinjari kunawezekana hata kwenye ngazi za chini, lakini kwa seva ya mnara kama hii, kuiona skrini ukiwa mbali, na kuipachikia seva faili la ISO (nakala ya diski nzima) kama kwamba umetia diski, kunataka Enterprise. Kwangu mimi skrini ndiyo kila kitu. BIOS ikishasasishwa seva hujiwasha upya, na ikisimama njiani ikiuliza ubonyeze F1, bila skrini hujui kama imekufa au inakungoja. Leseni hufungwa kwenye namba ya utambulisho ya seva, Service Tag, kwa hiyo ukinunua iliyotumika, leseni ya kudumu iliyokuja nayo kiwandani huja nayo. Duka tulilonunua lilituapia kwamba kila kitu kimo, kufungua, Express. Mteja akalipa tena. Sasa kabla pesa haijatoka namwambia muuzaji awashe seva, afungue ukurasa wa leseni, anipigie picha.

Tuje kwenye kusasisha kwenyewe. Mafaili yanapatikana kwenye tovuti ya Dell, unaandika Service Tag na kuletewa yanayoihusu seva yako, bure, hata udhamini ukiwa umekwisha. Hili si dogo kwa sisi tunaonunua vilivyotumika. Wenzao wa HP waliamua mwaka 2014 kwamba faili la BIOS la seva zao litolewe kwa mwenye udhamini au mkataba wa huduma tu, ingawa programu ya iLO, ambayo ndiyo iDRAC yao, waliiacha huru. Mtu akiniuliza achague ipi kati ya seva mbili kuukuu zenye nguvu sawa, sizungushi maneno.

Utachukua faili la Windows la biti 64, lile la .exe, hata kama seva yako ni ya Linux. Wengi hukwama hapo. iDRAC hailiendeshi faili lile kama Windows inavyofanya. Hulifungua, ikakagua saini yake ya kidijitali, na likiwa limeharibika njiani hulikataa. Ukaguzi huo nauheshimu mno kwa sababu intaneti yetu ina siku zake. Faili la BIOS huwa makumi ya megabaiti tu, la iDRAC ni kubwa zaidi, na kulipakia moja kwa moja kutoka kivinjari changu Unguja hadi Pemba ni kujitafutia maradhi, maana likikatika unaanza upya. Njia yangu ni kulituma usiku kwenye kompyuta moja ya ofisini kwao, kisha naiambia iDRAC ilivute kwenye folda ya mtandao wa ndani. iDRAC hukubali NFS, CIFS na HTTP, ambazo ni njia za kuchukua faili mtandaoni. Hapo faili linatoka chumba kimoja kwenda chumba cha pili, na mimi kazi yangu ni kutazama foleni ya kazi.

Naanza na iDRAC, kisha BIOS, kisha kadi. Nasoma na maelezo ya toleo, kwani kama seva imekaa muda mrefu bila kuguswa, huenda ukatakiwa upitie toleo la katikati kabla ya kufika la mwisho. iDRAC ikijisasisha hukutupa nje na ukurasa haufunguki kwa dakika kadhaa. Usiguse kitu. Wafanyakazi ofisini wanaendelea na kazi zao bila kujua lolote, maana seva haikuzimwa; aliyelala ni msimamizi wake tu.

BIOS ndiyo yenye presha. Unaweza kuichagulia iwashwe upya papo hapo, au isubiri mara seva itakapowashwa upya. Mimi daima nachagua kusubiri, halafu saa ya kuwasha naipanga mwenyewe. Sababu ni umeme. Pemba iliunganishwa na gridi ya Bara mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na wanaokumbuka majenereta ya Wesha hawatabisha kwamba mambo ni afadhali kwa mbali. Lakini afadhali si hakika. Umeme ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, safari ya boti haikwepeki, na huenda ukaenda na bodi mpya mkononi. Kwa hiyo siku hiyo UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ijae, na mtu aliye ofisini athibitishe kwa macho yake kwamba waya wa seva umechomekwa kwenye UPS na wala si kwenye ekstensheni ya birika la chai.

Toleo jipya lisipokupendeza, iDRAC huhifadhi lililotangulia na unaweza kurudi nyuma bila kutafuta faili tena. Kadi ya mtandao iliwahi kuwa na kigeugeu baada ya kusasishwa, nikairudisha nyuma kabla ya watu kufika kazini.

Usalama. Hii kompyuta ndogo ina mamlaka kuliko mfumo wowote ulio juu yake, na bado nakuta mafundi wameipa anwani ya wazi kwenye intaneti ili wasihangaike na VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Jamani. Mwaka 2017 iLO 4 ya HPE, kampuni iliyorithi seva za HP, iligunduliwa kuwa na tundu ambapo herufi A ishirini na tisa mfululizo, zikitumwa mahali panapohusika, zilitosha kupita bila neno la siri. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya iDRAC7 na iDRAC8 zenye toleo lililo chini ya 2.52.52.52. Yote mawili yalizibwa, lakini huzibwa kwa yule anayesasisha. iDRAC9 kwa kawaida huja na neno la siri la peke yake lililoandikwa kwenye kibandiko cha seva, lakini zipo zilizotoka na lile la zamani, calvin, kwa jina la mtumiaji root, ambalo dunia nzima inalijua. Ukiikuta hivyo, badilisha neno la siri kabla hujachomeka waya wa mtandao. Yangu iko nyuma ya VPN, kwenye mtandao wake mbali na wa wafanyakazi.

Ukiwa na seva nyingi kuna Redfish, utaratibu wa pamoja uliotolewa mwaka 2015 na DMTF, jumuiya ya makampuni inayoweka viwango vya kusimamia kompyuta, unaokuwezesha kuagiza kazi hizi kwa skripti badala ya kubonyeza moja moja. Kwa seva moja ya Chake naona ni kuchinja ng'ombe kwa kitoweo cha mtu mmoja.

Bei ya Enterprise inauma, sitaficha. Kwa ofisi ambayo fundi anakaa mtaa wa pili, kama Darajani na Mlandege, singemshauri mtu ailipie. Express itamfaa na akitaka skrini atatembea. Kwa seva iliyo ng'ambo ya maji, piga hesabu ya tiketi ya boti, malazi na siku ya kazi iliyopotea, halafu weka na siku ambazo boti haziondoki kabisa kwa upepo. Mteja wangu alipoiona hesabu hiyo hakuuliza tena, ila alitaka kujua kama kuna iDRAC ya printa.