Blender 4.2 kwa mafundi wa majitu ya chuma

Kwa anayetaka kuunda roboti kubwa za kubuni, zile za deraya mabegani na pistoni magotini, Blender ndiyo programu ya 3D ya kwanza kushusha. Kwa picha na video haina deni. Kwa vipande vya kuchapisha kwa printa ya 3D itakufikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki ina maumivu yake.

Ni bure kabisa, si jaribio la siku 30. Imekuwa programu huria tangu 2002, chini ya Blender Foundation ya Amsterdam. Toleo la 4.2 LTS (yaani linalotunzwa kwa muda mrefu), lililotoka Julai 2024, linataka RAM ya GB 8 kwa uchache na GB 32 ukitaka raha, pamoja na kadi ya picha ya GB 2 inayokubali OpenGL 4.3, kiwango cha kuchora picha za 3D. Kwenye laptopu ya GB 8 kuunda kunawezekana. Ukianza kutoa picha kwa Cycles, injini nzito ya Blender, ndipo feni inapolia, kwa hiyo tumia Eevee, ile nyepesi. Tafuta na kipanya chenye gurudumu. Kuzungusha modeli kwa padi ya laptopu ni adhabu.

Tuchukue mfano unaojulikana: Gundam RX-78-2 ya Japani, iliyoonekana kwenye televisheni mwaka 1979, ina kimo cha mita 18. Iunde kwa mita 18 kweli, si kwa "ukubwa wowote nitarekebisha baadaye", na usimamishe mtu wa mita 1.7 karibu na kifundo cha mguu tangu siku ya kwanza. Mtu huyo ndiye atakayekusuta. Kingo za bati zikilainishwa kwa sentimita 15, jicho linasoma mwanasesere wa plastiki; zikiwa sentimita 2 hivi, linasoma chuma. Vivyo hivyo kwa bolti na ngazi. Kamera nayo iweke usawa wa macho ya yule mtu, lenzi ya mm 24 au chini yake, ikitazama juu.

Mahali Blender inapong'ara ni kwenye modifaya, yaani hatua zinazokaa juu ya umbo bila kuliharibu. Muundi wa mguu unaanza na mchemraba mmoja. Weka Mirror ili ufanye kazi upande mmoja tu, kisha Boolean kuchonga matundu, mwisho Bevel ya kulainisha kingo, na mpangilio uwe huo huo. Bevel ikitangulia, kingo za tundu zitabaki kali kama kisu cha mchinjaji.

Makosa matatu hujirudia hapa. La kwanza: kingo zinalainika pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Umevuta mchemraba ukiwa nje ya Edit Mode, hali ya kuhariri umbo lenyewe, na modifaya inapima kwa vipimo vya ndani vya kitu. Bonyeza Ctrl+A, chagua Scale, limekwisha. La pili: Boolean inaacha bati linalometa au tundu lisilofunguka. Mara nyingi uso wa kikatio, yaani umbo linalochonga, umelala sawasawa na uso wa bati, na programu haijui upi uko juu. Chomoza kikatio kwa sentimita chache na utumie njia ya Exact badala ya Fast. La tatu linatokana na mafunzo ya zamani ya video: kisanduku cha Auto Smooth, cha kulainisha mwonekano wa nyuso, kiliondolewa kwenye 4.1. Usihangaike kukitafuta. Bofya kitufe cha kulia juu ya kitu, uchague Shade Auto Smooth.

Viungo navyo vina mtego wake. Mwanagenzi huunganisha roboti na mifupa ya kuisogeza kwa Automatic Weights, ambapo programu yenyewe hugawa kila mfupa uvute wapi, halafu anashangaa deraya ya paja inakunjika kama mpira. Njia hiyo ni ya ngozi na nyama. Chuma hakipindi, kwa hiyo kila kipande kifungwe kwenye mfupa wake peke yake: Ctrl+P, kisha Bone. Pistoni za goti zinataka uangalifu zaidi. Ukiambia silinda iufuate ufito na ufito uifuate silinda kwa Damped Track, amri ya kuelekeza kitu kwenye kitu kingine, unapata mzunguko wa utegemezi na pistoni inacheza ovyo. Weka Empty mbili, alama tupu zisizotokea kwenye picha, kwenye pini za pande zote mbili, moja ifungwe kwenye mfupa wa paja, nyingine wa muundi, kisha kila kipande kielekee Empty ya upande wa pili. Kikilala kwa nyuzi 90, umekosea mhimili tu. Badilisha Y kuwa Z. Blender haikuonyi deraya mbili zikipenyana goti linapokunjwa. Hilo litazame mwenyewe, na ndiyo maana modeli nyingi za plastiki zina goti la bawaba mbili.

Sasa kuchapisha. Faili ya STL, inayopeleka umbo kwenye uchapishaji, haibebi kipimo, na programu za kuandaa uchapishaji husoma namba kama milimita. Mita 18 zinatoka milimita 18, roboti ya kuning'iniza kwenye funguo! Kwa skeli ya 1/144 andika 6.944 kwenye Scale wakati wa kutoa faili, upate mm 125. Kwa 1/100 andika 10, upate mm 180.

Hapo hesabu ndipo inapouma. Deraya ya sentimita 5, inayopendeza kabisa kwenye picha, inakuwa mm 0.35 katika 1/144, nyembamba kuliko nozeli ya kawaida, tundu la printa linalotoa plastiki, ya mm 0.4. Ule ulaini wa sentimita 2 unakuwa mm 0.14, hauonekani. Nafasi ya mm 0.2 ya kufanya kiungo kizunguke ni karibu sentimita 2.9 kwenye jitu lenyewe. Maana yake modeli ya picha haichapishiki. Nakili faili, unenepeshe kila kitu. Kisha kagua kwa 3D Print Toolbox, ambayo tangu 4.2 haiji na programu, unaishusha ndani ya Get Extensions. Na ukishathibitisha Boolean kwa Apply, kugeuza tundu la mm 4 kuwa 4.5 ni kuchonga upya. Kwa bawaba na pini tu, FreeCAD 1.0, programu ya kuchora kwa vipimo, nayo ya bure, inakumbuka vipimo na kukuachia uvibadilishe wakati wowote.

Jambo la mwisho ni la umeme kukatika. Blender hujihifadhi kila dakika 2, lakini kwenye folda ya muda, na mifumo mingi ya Linux huisafisha folda hiyo kompyuta inapowaka tena. Nenda Preferences, File Paths, ubadilishe Temporary Files iwe folda yako mwenyewe kabla hujagusa mchemraba wa kwanza.