Akika bila ngano: mpishi niliyempata Langoni

Wifi yangu ana siliaki. Kwa asiyeijua: ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni, na mwenye maradhi haya akiila, kinga ya mwili wake mwenyewe hushambulia utumbo mdogo. Haina dawa, ni kujizuia maisha. Sasa kajaaliwa mtoto, na maandalizi ya akika yakaniangukia mimi shangazi mtu. Watu 80.

Mpishi wa kwanza niliyemwendea hapa Lamu (simtaji) alinisikiliza, akacheka. "Nitamtilia sahani yake kando. Pilau haina ngano, wasiwasi wa nini?" Pilau kweli haina. Lakini sisi twala sinia moja watu wanne, na mkono uliotoka kumega chapati ndio huo huo unaorudi kwenye wali. Ama mama mtoto akae pembeni na sahani yake siku ya akika ya mwanawe? Nikaaga.

Wa pili ni mama mmoja wa Langoni, mpishi wa shughuli wa siku nyingi. Huyu hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na mvuje, mwanangu, umeuangalia?"

Mimi nilikuwa nimeshahesabu mahamri, sambusa, kaimati na tambi, nikajiona nimemaliza. Mvuje, kile kiungo cha harufu kali! Akauleta mkebe wake, tukasoma yale maandishi madogo ya ubavuni: umechanganywa na unga wa ngano. Mvuje wa unga wa madukani mara nyingi ndivyo ulivyo. Hapo nikajua nimefika kwa mwenyewe.

Tukakubaliana ngano isikanyage uani kwetu siku hiyo, kwa mgeni yeyote. Unga wa dengu wa kupimiwa dukani aliukataa, maana kikombe kinachochota dengu ndicho kinachochota ngano gunia la pili. Akaroweka dengu usiku, akazisaga mwenyewe kwa blenda. Mchele wa vitumbua na wa mkate wa kumimina vilevile, pamoja na tui. Karai yake iliyozoea sambusa aliiacha kwake, nikanunua mpya.

Pilau ya mbuzi ilikuwa ya kawaida, nzuri tu. Vitumbua ndivyo vilivyonyamazisha watu: kingo zimekauka, ndani laini, iliki unaisikia kabla hujauma.

Kasoro zipo. Alitoza shilingi 4,000 zaidi ya yule wa kwanza. Tulitaka kupakua baada ya adhuhuri, tukapakua alasiri inakaribia. Na mkate mmoja wa kumimina uliungua chini, akaukwangua kwa kisu akaukata hivyo hivyo. Nilimwona.

Saa saba hivi jirani akaingia na hotpoti ya kaimati, zang'aa kwa shira. Utamrudishaje mtu na zawadi yake? Mpishi akaipokea kwa mikono miwili, akamwombea dua, akaipandisha moja kwa moja orofani na kufunga mlango. Akashuka, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akarudi kwenye vitumbua vyake bila kusema neno.

Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ule mkate.

Wifi alikula sinia moja na mamake na sisi mawifi zake wawili, wala hakuuliza hiki kina nini. Kaimati tulizila usiku, yeye na mwanawe washalala.