Kamba mawe wa Lamu na wa Malindi: yupi wa kununua, na kwa nini bei hazilingani

Ukifika soko la samaki Malindi ukauliza tu "kamba kilo pesa ngapi?", huenda ukatajiwa bei ya kamba wadogo wa nyavu kutoka Ngomeni na ghuba ya Ungwana. Ukauliza vivyo hivyo Kizingitini, visiwani Lamu, utaoneshwa mnyama mwenye miiba na masharubu marefu kuliko mwili wake. Kwa hivyo taja jina kamili: kamba mawe. Tanzania wanamwita kamba kochi. Huyo ndiye tunayempima hapa, na uamuzi wetu tunautoa mapema: anayetaka kamba mzima, hai, kwa bei nzuri, amfuate visiwa vya Lamu wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Malindi inamfaa anayetaka mmoja au wawili wa leo jioni, na yuko tayari kulipia wepesi huo.

Kwanza, mjue unayemnunua. Kamba mawe wa pwani yetu hana magando. Nyama yake karibu yote iko mkiani, nayo ni takriban theluthi ya uzito wake. Wa Maine, Marekani, ni mnyama mwingine, ana magando mawili makubwa yenye nyama, na bei nyingi zinazoonekana mtandaoni ni zake. Hata kwao bei haitulii: mwaka 2021 wavuvi wa Maine walilipwa wastani wa dola 6.71 kwa ratili, na mwaka uliofuata ikashuka hadi karibu dola 4. Kumtumia huyo kama kipimo cha bei ya Lamu ni kosa.

Kwenye meza zetu wapo wa aina tano, wote wa jamii ya Panulirus. Mkubwa kuliko wote ni ornatus: mwili wa kijani kinachoelekea samawati, miguu yenye pete pana za rangi nyeusi na krimu kama soksi, na hufika kilo kadhaa. Versicolor ni mzuri wa macho kuliko wote, ana mistari myeupe inayokatiza mkia, mistari mirefu myeupe miguuni, na shina la sharubu la rangi ya waridi. Longipes ni wa kahawia, mkia umejaa vidoa vidogo vyeupe. Penicillatus ni wa kijani kilichokolea, anakaa mwamba wa nje panapopasukia mawimbi. Mtazame kati ya macho, utaona miiba minne iliyoungana shinani. Wa tano ni homarus.

Ukioneshwa mkia peke yake, tazama pingili za mgongoni. Za ornatus na versicolor ni laini, hazina mfereji. Penicillatus na longipes wana mfereji unaokatiza kila pingili, na wa homarus umechongoka mawimbimawimbi kama ukingo wa ganda la chaza. Alama hii inafaa sana, maana mkia wa ornatus ndio unaotajwa kwa bei ya juu hata pale ambapo si wake. Yule kamba bapa, asiye na masharubu marefu bali vibao viwili mbele kama koleo, si kamba mawe. Analika vizuri, lakini usimlipie bei hiyo.

Sasa bei. Kwa Lamu, nafuu inaanzia mwamboni: Kiunga, Mkokoni, Kiwayu, Ndau, Kizingitini. Wazamiaji wa upande huo wana ustadi ambao mnunuzi anaula bila kujua. Humfunga pweza kwenye kijiti na kumwingiza pangoni. Kamba, ambaye pweza ni adui yake, hutoka mwenyewe na kukingwa kwa kimia. Anafika na miguu yote na masharubu mazima. Kamba aliyepoteza sharubu au miguu hushushwa daraja na mnunuzi wa kusafirisha hai, kwa hivyo ukila nyumbani mwombe huyohuyo: nyama ni ileile, bei ni pungufu.

Lakini si kila kamba uliyemwona ufuoni yuko sokoni. Wavuvi wengi wamekopeshwa nyavu, mashine au mafuta na tajiri, na kamba wao wamekwishauzwa kabla hawajatolewa majini. Tajiri huwapanga kwa uzito na kwa uhai, wakubwa walio hai huenda Mombasa, na wengine hufika hadi China, ambako ornatus hai anapendwa. Ukitaka kununua kwa haki pita kwa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wa pale, upime kwa mzani wao. Kila hatua baada ya hapo inaongeza gharama: boti hadi Lamu mjini au Mokowe, barafu, gari la kupitia Witu na Garsen au ndege ya Manda, na wale wanaokufa njiani, ambao hasara yao hubebwa na walio hai. Kufika Malindi, safari imepita kilomita 200.

Malindi nayo ina kamba wake, lakini ndani ya hifadhi ya bahari iliyopo tangu 1968 hakuvuliwi, na hoteli na nyumba za Waitaliano zinang'ang'ania kichache kinachotoka nje yake. Ndiyo maana Desemba na Januari bei hupaa ingawa bahari imetulia. Ikiingia kusi, Aprili na kuendelea, mawimbi hupiga mwamba wa nje, maji huchafuka, mzamiaji haoni kitu. Hapo Lamu hupanda kwa uchache wa kamba, na Malindi, hoteli zikifunga, wanunuzi pia hupungua. Mei na Juni basi tofauti ya miji hii miwili huwa ndogo, wala haifai kumwagiza kamba wa kusafirishwa.

Mikia ya barafu ndipo watu wanapopotea hesabu. Chukua mfano: kamba mzima akiwa shilingi 1,500 kwa kilo, na mkia ni theluthi yake, basi mkia wa shilingi 4,500 kwa kilo ni bei ileile. Ukiupata chini ya hapo, umenufaika, mradi ni mkia na si barafu. Mikia huchovywa maji ikagandishwa ili isikauke. Utando huo wa barafu ukiwa asilimia 15, kilo yako ina gramu 850. Acha mmoja uyeyuke, kausha, pima tena. Mabaka meupe makavu kwenye nyama maana yake mkia umekaa sana kwenye friza, na utakuwa kama mpira.

Kwa kamba mzima, mnyanyue kwa mgongo. Aliye hai na nguvu hupiga mkia ndani kwa kishindo. Mkia ukining'inia, muulize muuzaji amekufa saa ngapi, kisha tazama mwenyewe: weusi kwenye kiungo cha kichwa na mkia, kichwa kinachochezacheza, au harufu kali kama ya mkojo. Akifa, vimeng'enya vya ini huvuja na kuila nyama ya mkia, ukipika inakuwa uji. Bonyeza pia gamba la ubavuni. Likibonyea kirahisi, amejivua juzi, na umelipia maji. Aliyekaa kizimbani muda mrefu bila chakula naye huwa mwepesi kuliko umbo lake.

Mgeuze tumboni bila kuona haya. Jike ana vigando vidogo kwenye miguu ya mwisho, na vipepeo (vijipezi) vipana chini ya mkia vya kushikia mayai. Mayai huanza ya machungwa, yakikaribia kuanguliwa huwa ya kahawia. Jike mmoja hubeba laki kadhaa, na kumuuza ni kosa kisheria. Wapo wanaoyakwangua kwa brashi. Vinyweleo vya vipepeo vikiwa vimekatikakatika, mrudishe. Tundu la mkuki nalo likatae: bunduki za mishale zimepigwa marufuku Kenya, na kamba aliyetobolewa hafiki jioni.

Ukimbeba hai kutoka Lamu, usimtie maji ya bomba, yatamuua. Gunia lililolowa maji ya bahari, chini ya kivuli, ndani ya tenga lenye hewa. Barafu iwe pembeni, imefungwa kwenye nailoni, isimguse wala isimyeyukie. Safari ikipita mchana mzima, ni bora achemshwe hukohuko kwa maji ya bahari: wa nusu kilo dakika 8 hadi 10 baada ya maji kurudi kuchemka, apoe, ndipo aingie kwenye barafu. Akifika Malindi atataka ndimu, kitunguu saumu na moto wa mkaa wa dakika 3 tu.