Pindo la zambarau kwenye picha: lenzi ipi ununue, ipi uiache dukani

Mpiga picha wa harusi akinunua lenzi yake ya kwanza ya 85mm, huvutiwa kwanza na jinsi bibi harusi anavyojitokeza mbele ya mandhari iliyofifia. Baadaye, akikaa kwenye kompyuta na kuikuza picha, anaona mengine. Ukingo wa shela jeupe lililopigwa jua una mstari mwembamba wa zambarau, shanga za begani zimeingia kijani, na hereni ya dhahabu imezungukwa na rangi ambayo siku ile haikuwepo. Lenzi zilizomo humu nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: ukiifungua lenzi hadi mwisho, kwa hela uliyolipa, kingo zinatoka safi kiasi gani?

Pindo la rangi, yaani mstari huo wa rangi unaoletwa na lenzi kwenye kingo, lipo la aina mbili, na moja tu ndiyo ya kulipia ili uliepuke.

La kwanza linakaa pembeni mwa picha. Upande mmoja wa nondo ya dirisha una wekundu, upande wa pili una kijani au buluu, na kadiri unavyosogea katikati linapotea. Kufunga apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, hakulipunguzi, lakini kompyuta inalimaliza kwa kubofya mara moja, na kamera nyingi za sasa hulifuta zenyewe zinapotengeneza JPEG. Usiongeze hata senti kwa ajili ya hilo.

La pili linatokea popote, hata katikati ya fremu. Kilicho mbele kidogo ya fokasi kinapata zambarau au waridi, kilicho nyuma yake kinapata kijani. Kioo hupinda mwanga wa zambarau zaidi kuliko mwekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja. Mwaka 1758 John Dollond alipata hataza London ya kuunganisha vioo viwili tofauti ili rangi mbili zikutane. Mwaka 1886 Ernst Abbe wa Zeiss, akitumia vioo vipya vya Otto Schott pamoja na madini ya floriti, alifanikiwa kukutanisha rangi tatu kwenye lenzi za hadubini, na lenzi za namna hiyo zikaitwa apokromati. Herufi unazosoma kwenye maboksi leo, ED za Nikon, UD za Canon, SLD za Sigma, zinaendeleza kazi ileile: ni vioo vinavyotawanya rangi kidogo kuliko vioo vya kawaida.

Kwenye f/1.8 au f/1.4 pindo hili hutoka waziwazi (namba ikiwa ndogo, apacha iko wazi zaidi). Ukifunga hadi f/2.8 sehemu kubwa hupungua, na kwenye f/4 mara nyingi huna cha kulalamikia. Kwa hiyo jiulize kwanza kama kweli unapiga f/1.8 kwenye jua kali. Kama kazi zako nyingi ni picha za kundi kwenye f/5.6, nunua lenzi ya bei nafuu kabisa kwenye orodha hii, hela inayobaki iende kwenye flashi.

Utaambiwa programu inaondoa kila kitu. Lightroom ina kifaa cha kufuta pindo tangu toleo la 4.1 la mwaka 2012, na RawTherapee na darktable, ambazo ni za bure, zina vyao. Vinasaidia kweli, ila havijui zambarau ya lenzi na zambarau ya kitambaa. Wasimamizi wa bibi harusi wakivaa zambarau, kingo za nguo zao hugeuka kijivu, na itabidi upake marekebisho kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Kwa harusi nzima hiyo ni kazi ya usiku kucha. Hapo ndipo lenzi safi inaporudisha hela yake.

1. Nikon Z 85mm f/1.8 S

Ilitoka mwaka 2019 kwa dola 799 hivi, na kwa kigezo changu haina mpinzani kwa bei hiyo. Ndani yake kuna vioo viwili vya ED, na ikiwa wazi kabisa pindo ni dogo kiasi kwamba mteja hataliona hata kwenye picha kubwa ya ukutani. Ni nyepesi, chini ya nusu kilo. Kasoro yake ni moja: inaingia kwenye kamera za Nikon Z peke yake. Mwenye D750 au D610, ambazo ni DSLR za Nikon, yaani kamera za digitali zenye kioo cha kuakisi ndani, hawezi kuitumia, maana adapta hazifanyi kazi kwa kurudi nyuma namna hiyo.

2. Sigma 85mm f/1.4 DG DN Art

Hii ni ya wenye Sony E na kamera za L, yaani Panasonic Lumix S na Leica SL. Ilitoka 2020 kwa dola 1,199. Ina vioo vitano vya SLD na uzito wa gramu 630 hivi, wakati ile Art ya 2016 iliyotengenezwa kwa DSLR ilipita kilo moja. Kwenye f/1.4 bado utaona rangi kidogo kwenye vitu vya chuma vinavyong'aa, lakini kumbuka hiyo ni f/1.4. Kama bei yake ingekuwa ndogo zaidi ningeiweka ya kwanza.

3. Samyang 135mm f/2

Ukiwa na DSLR na bajeti ya kati, hii ndiyo siri ya soko. Ilitoka 2015, inauzwa pia kwa jina la Rokinon, na ipo ya Canon EF, Nikon F, Sony na wengine. Wapiga picha wa nyota wanaipenda sana, na nyota ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa lenzi: nukta nyeupe juu ya weusi, pindo halina pa kujificha. Fokasi yake ni ya mkono. Kwa bibi harusi aliyekaa ametulia, hakuna tatizo. Kwa watu wanaoingia ukumbini wakicheza, utakosa picha nyingi kuliko utakazopata. Urefu wa 135mm nao unataka nafasi, kwa hiyo sebuleni itakubana.

4. Canon EF 85mm f/1.8 USM na Nikon AF-S 85mm f/1.8G

Hizi ndizo utakazozikuta kwa wingi kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Ya Canon ipo tangu 1992, ya Nikon tangu 2012. Zote mbili ni kali, fokasi yake ni ya haraka, zinabebeka, na hakuna iliyo na kioo hata kimoja cha kupunguza pindo. Shela jeupe juani kwenye f/1.8 litakuletea zambarau bila shaka yoyote. Zifunge hadi f/2.5 au f/2.8 mchana, zifungue ukumbini jioni pasipo na jua la kuchoma kingo, nazo zitakulisha miaka. Ya Canon inaingia pia kwenye kamera za EOS R kwa adapta ya Canon yenyewe.

5. Canon EF 50mm f/1.8 STM

Dola 125 ilipotoka 2015, gramu 160. Pindo lipo, lakini kwa bei hii si haki kuidai zaidi. Ni lenzi ya kujifunzia tabia ya apacha kabla hujatoa hela kubwa.

Nje ya orodha nimeacha lenzi mbili makusudi. Zeiss Otus 85mm f/1.4 ya 2014 ni apokromati kweli, kingo zake ni safi hata ikiwa wazi kabisa, lakini ilianza kuuzwa kwa zaidi ya dola 4,000 na haina fokasi ya otomatiki. Ya pili ni Canon EF 85mm f/1.2L II ya 2006, nayo nimeiacha kwa sababu watu hudhani pete nyekundu, alama ya lenzi za Canon za daraja la L, inamaanisha hakuna pindo. Picha zake ni nzuri mno, lakini kwenye f/1.2 zambarau ipo waziwazi. Canon wenyewe walilishughulikia jambo hilo mwaka 2015 kwa kuingiza kati ya vioo vya EF 35mm f/1.4L II tabaka la BR, lililotengenezwa mahsusi kudhibiti mwanga wa buluu, kisha wakaliweka kwenye RF 85mm f/1.2L ya 2019.

Kama unapiga filamu

Hapa mpangilio unabadilika, maana namba moja na mbili haziingii kabisa kwenye kamera za filamu. Mwenye Canon EOS ya filamu atatumia EF 85mm f/1.8 ileile. Mwenye Nikon FM2 asinunue 85mm f/1.8G, kwa kuwa haina pete ya apacha. Atafute Nikkor 105mm f/2.5, lenzi ambayo Steve McCurry alipigia picha ya msichana wa Afghanistan mwaka 1984. F/2.5 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kingo zake zina adabu kuliko lenzi nyingi za zamani za f/1.4.

Filamu ya negativu huvumilia mwanga mkali bila kukatika ghafla kama sensa, kwa hiyo lenzi ileile mara nyingi huonekana na pindo dogo zaidi kwenye filamu. Usichanganye na mng'ao mwekundu unaozunguka taa kwenye filamu ya CineStill 800T. Huo ni mwanga uliopenya filamu ukarudi kutoka nyuma, hauhusiani na lenzi, na lenzi mpya haitauondoa. Na kama unaskani negativu kwa kamera ya digitali, iangalie kwanza kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu pindo linaweza kuwa limetoka kwenye lenzi ya kuskania. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe pindo halionekani kama rangi, linakuwa ulaini tu. Filta ya njano hukata zambarau na buluu, na picha inakaza.

Dukani

Muuzaji akikuambia filta ya UV, ya kuzuia mwanga wa urujuanimno, itaondoa zambarau, nunua ukitaka kukinga kioo cha mbele tu. Sensa za digitali tayari zina filta yake inayozuia sehemu kubwa ya mwanga huo.

Nenda na kamera yako. Zima marekebisho ya lenzi kwenye menyu, weka RAW (faili ghafi ya kamera), fungua apacha hadi mwisho. Omba risiti yenye maandishi meusi, ilaze mezani, isogelee kwa mshazari, fokasi mstari wa katikati, kisha kuza picha kwenye skrini. Mistari ya mbele ikiwa na waridi na ya nyuma kijani, umeshaiona tabia ya lenzi hiyo; linganisha na nyingine papo hapo. Halafu piga nondo za dirisha dhidi ya anga, moja katikati ya fremu na moja kwenye kona.

Kwa lenzi iliyotumika, hasa iliyokaa Pwani, washa tochi ya simu upande mmoja na uangalie kupitia upande mwingine. Nyuzi nyembamba kama utando ni fangasi, na hiyo irudishe kwa mwenyewe hata akishusha bei nusu.