Msaada wa kisheria kwa kijana anayetuhumiwa kumuua ndugu: huduma ya ofisi moja Dodoma mjini

Ofisi ni ndogo, foleni ndefu, na huduma ni bure. Ubora wake uko kwenye usomaji wa jalada. Hapo hawana haraka.

Wanaanza na umri: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rejista ya shule. Wako sahihi kabisa, maana aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio hahukumiwi kunyongwa.

Kisha maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi huandika kutoka kwa mtuhumiwa baada ya kumwonya kuhusu haki zake. Wanalinganisha saa ya kukamatwa na saa ya kuanza kuandika, kwa kuwa sheria inatoa muda wa msingi wa saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi. Wanakagua alama ya dole gumba ya mtuhumiwa ukurasa hadi ukurasa. Halafu wanauliza swali ambalo wengi hulisahau: nani alikaa na mtoto akihojiwa? Kesi ikiwa ya ndani ya ukoo, baba mdogo aliyeketi pale kama mlezi anaweza kuwa ndiye mlalamikaji, au mgombea wa shamba la marehemu. Ungamo la namna hiyo linahitaji kupimwa kwa jicho kali, hata kama kijiji kizima kimeshamtia mtoto hatiani.

Kasoro ni moja, na ni nzito: msaidizi wa kisheria, ambaye si wakili, haruhusiwi kumtetea mtu mahakamani, na wakili wao hupatikana kwa kuchelewa. Mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, kwa hiyo ombeni wakili siku ileile ya kwanza, kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.