Tovuti za kupima umbali wa ndege: uzoefu wangu Dodoma–Dar

Jamani hizi tovuti za kukokotoa umbali kati ya viwanja viwili vya ndege zinasaidia, ila upande wa muda kuweni makini sana, mimi zimeniponza.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mama kliniki Dar, Upanga, miadi saa 4 asubuhi. Nikaingia kwenye tovuti moja nikaandika Dodoma na Dar, ikaniletea kilomita 390 hivi, muda wa safari dakika 29. Kilomita ziko sawa kabisa, barabarani ni kama 450 maana unazungukia Morogoro, angani unakata moja kwa moja. Shida ni hizo dakika. Baadaye nimekaa na kikokotoo nikaona kumbe wanachukua kilomita wanagawanya kwa 800 kwa saa basi, yaani kama vile ndege inatoka ardhini na spidi hiyo hiyo. Sisi tulipanda Bombadia, ile ya mapangaboi, ambayo hata ikishatulia juu inatembea kama 650, na hapo hujahesabu kupanda, kushuka wala kusubiri zamu ya kutua.

Basi tukatoka nyumbani saa 12 kamili, uwanja wetu uko katikati ya mji kwa hiyo bajaji dakika 10 tu (uwanja mpya wa Msalato ukianza hapo itabidi kuongeza muda, ni kama kilomita 12 njia ya Arusha). Ndege ilikuwa iruke saa 1:40, ikachelewa, tukaruka saa 2:20. Mama kakumbatia kapu lake la zabibu za kumpelekea shangazi, kila ndege ikitikisika anazishika kwa mikono miwili kama mtoto. Tumegusa chini saa 3:25, yaani saa 1 na dakika 5 hewani, begi likatoka saa 3:45, halafu foleni ya Nyerere Road mpaka Tazara, aisee. Kliniki tumeingia saa 4:50, namba ya mama ilishaitwa ikapita, akakaa kwenye benchi mpaka saa 8 mchana na miguu imevimba. Iliniuma sana kwa kweli.

Kitu kingine, ukiandika Dodoma–Guangzhou inakupa masaa vizuri tu wakati ndege ya moja kwa moja haipo, lazima upitie Dar kwanza, nayo haikwambii. Mdogo wangu anayefuata mzigo China nilimwonyesha akataka kupangia safari humo, nikamkataza.

Kwa kilomita naipa nyota 5, kwa muda naipa 2. Angalia muda ulioandikwa kwenye tiketi yenyewe, halafu hesabu kuanzia mlangoni kwako mpaka mlango unaokwenda. Sisi ilikuwa karibu masaa 5, na treni ya SGR toka hapa Dodoma mpaka Dar ni masaa matatu na nusu mpaka manne, tena inakushusha mjini. Kliniki ijayo nimeshakata treni ya siku moja kabla, mama alale kwa shangazi.