Kilwa hadi Mikindani: Mwongozaji Bora, Gari la Kukodi Lisiloridhisha

Mwezi Julai tulisafiri marafiki watano kutoka Dar es Salaam hadi Mikindani kwa gari la kukodi lenye dereva, siku tano kwenda na kurudi. Nitazungumzia huduma mbili zilizobeba safari yetu: uongozaji wa wageni katika magofu ya Kilwa Kisiwani, na gari lenyewe.

Kibali cha kuingia kisiwani tulikikata Kilwa Masoko, mji ulio bara ng'ambo ya kisiwa, tukaelezwa kwamba hatuwezi kutembea magofuni bila mwongozaji. Sharti hilo liliwakera wenzangu wawili asubuhi, lakini hadi adhuhuri walikuwa wao ndio wanaouliza maswali mengi zaidi. Tulivuka kwa mashua ya tanga wakati maji yamejaa. Mwongozaji wetu, mzee mzaliwa wa kisiwani, alitupitisha kwenye Gereza, ngome iliyo karibu na ufukwe, kisha akatupeleka Msikiti Mkuu, ambao historia yake inaanzia karne ya 11 na ambao ulipanuliwa sana karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman.

Hapo ndipo nilipotambua thamani ya mzee yule. Badala ya kutumiminia tarehe, alituketisha mahali pa kutawadhia, akatuonyesha mawe ya mviringo ya kusugulia nyayo, akauliza, "Wanangu, mtu ametoka pwani na mchanga miguuni, ataingiaje kuswali?" Kwa ruhusa yake tulipapasa jiwe moja kwa viganja, lilikuwa na ukwaruzo kama wa jiwe la kunolea kisu. Aliposimulia jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, alitutahadharisha kwamba hayo ni masimulizi ya wazee, tusiyachanganye na yaliyothibitishwa na wachimbaji wa mambo ya kale. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu katika kazi ya kuongoza wageni, nami ninauheshimu sana.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, na njia haina kivuli cha kutosha, kwa hiyo bebeni maji. Ni jumba lenye vyumba zaidi ya 100, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya jabali linalotazama bahari, likiwa na birika la pembe nane. Mzee alitueleza kwamba dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilipitia Kilwa na kutozwa ushuru, na kwamba Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika katika mji huu mwaka 1331, ukiwa katika neema hiyo. Tulitamani kukaa hadi alasiri. Dereva, hata hivyo, alikuwa amepewa ratiba na kampuni yake ya kulala Lindi usiku huohuo, nasi tukaondoka tukigeuka nyuma kila hatua.

Kampuni hiyo siitaji, ila nasikitika kusema kwamba haikututendea haki. Baada ya Nangurukuru tairi la nyuma lilipasuka, na tairi la akiba lilipotolewa, nyuzi zake zilikuwa zinaonekana. Tulisimama barabarani zaidi ya saa mbili hadi dereva wa lori alipotusaidia. Dereva wetu mwenyewe alikuwa muungwana na mwangalifu, na lawama hii haimhusu. Kabla ya kulipa, fungueni buti mkague tairi la akiba kwa macho yenu, na mwulize hali ya barabara, kwani mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, ziliikata njia hii upande wa Somanga.

Muda tulioupoteza pale ulitunyima Lindi, ambayo tuliipita usiku. Mikindani tulifika kesho yake, tukanywa chai kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli iliyotunzwa vizuri. Kilwa Kivinje tulipita wakati wa kurudi, na niliumia kuona majumba ya kale yakibomoka jirani na kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji.

Kwa uongozaji wa Kilwa Kisiwani natoa nyota tano, na kwa gari mbili. Atakayekwenda alale Kilwa Masoko usiku mbili, siku ya pili avuke hadi Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, na aondoke kwa saa atakayoambiwa na nahodha, kwa sababu maji yakipwa huko, abiria hushuka mbali na ufukwe na kutembea kwa miguu katikati ya mikoko.